UZI: Aristides na Themistocles, mahasimu wawili wa Athens na usiku wa Salamis

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Wengi wetu viongozi wa kale wa Ugiriki na Roma tuliwajua kwanza kwa Kaizari na Brutus, kupitia ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Nami nilianzia hapo. Ila walionishika moyo zaidi ni watu wawili wa Athens walioishi zaidi ya miaka mia nne kabla ya Kaizari: Aristides mwana wa Lysimachus na Themistocles mwana wa Neocles.

Aristides watu walimpa jina la "Mwadilifu". Ukiuliza kwa nini, utajibiwa haraka kwamba hakula mali ya umma na alikufa maskini. Yote mawili ni kweli. Lakini mimi nashikilia kwamba uadilifu wake unaonekana vizuri zaidi ukimwangalia alivyomtendea Themistocles, mtu aliyemwondolea heshima yake mbele ya mji mzima. Hilo ndilo limenifanya nifungue uzi huu.

Habari za tabia zao zimetufikia zaidi kwa Plutarch, aliyeandika karne tano na ushee baada yao, na kwa Herodotus, aliyekuwa karibu zaidi na matukio yenyewe.

Tuanze na Themistocles. Baba yake hakuwa mtu wa jina kubwa, mama yake alikuwa mgeni. Kijana mwenye akili kali na kiu ya sifa isiyozimika. Mwaka 490 KK Athens iliwashinda Waajemi huko Marathon, na sifa zikamwendea jemadari Miltiades. Themistocles akaanza kukosa usingizi, hata karamu alizozizoea akaziacha. Rafiki zake walipomuuliza ana nini, akawaambia ushindi wa Miltiades haumwachi alale.

Siku nyingine mtu alimwambia atakuwa mtawala mzuri iwapo atawatendea wote sawa. Akajibu kwamba asijaliwe kamwe kukalia kiti ambacho rafiki zake hawatapata kitu kuliko watu baki. Someni tena hapo. Aliyasema hayo waziwazi, bila kumung'unya maneno.

Aristides naye alikuwapo Marathon, mmoja wa majemadari 10. Kila jemadari alikuwa na siku yake ya kuamuru jeshi zima. Zamu ya Aristides ilipofika, akampa Miltiades, kwa kuwa aliona huyo ndiye anayejua vita kuliko wote. Wenzake wakaona haya kushikilia zamu zao, nao wakaachia. Vita vilipokwisha jeshi likakimbilia mjini kuulinda, yeye akaachwa nyuma na watu wake walinde mateka na nyara. Fedha na dhahabu zimezagaa chini, mahema yamejaa nguo za thamani. Hakugusa kitu. Wachache waliiba nyuma ya mgongo wake, mmojawao Callias, binamu yake, aliyekuja kuwa tajiri mkubwa mjini. Shikeni jina hilo la Callias, nitalirudia.

#2 Mdau

Endelea mkuu, nimekaa mkao wa kula. Ila hujasema Themistocles alimfanya nini hasa.

#3 Mleta uzi

Naja huko mkuu.

Aristides alichaguliwa kusimamia mapato ya umma. Akafungua hesabu za waliokuwa madarakani na za waliowatangulia, akaonyesha mbele ya watu kwamba fedha nyingi zimeliwa, na Themistocles akiwa juu kwenye orodha. Themistocles hakujitetea. Alikusanya watu wake, na siku Aristides alipotakiwa kutoa hesabu zake mwenyewe, akamshtaki yeye kwa wizi, na kesi akaishinda. Hebu fikirieni: mkaguzi ndiye aliyepigwa faini. Watu wazito wa mji wakaja juu, faini ikafutwa, akarudishwa kazini.

Safari hii akajifanya amejuta. Akalegeza kamba, hakuhoji mtu wala kukagua daftari la mtu. Waliozoea kuchota wakachota hadi wakashiba. Wakaanza kumsifu kila kona, wakampigia debe achaguliwe tena. Siku ya kura, mikono ikikaribia kuinuka, Aristides akasimama. Akawaambia kwamba alipowatumikia kwa uaminifu walimtukana na kumhukumu, na sasa alipowaachia wezi mali ya umma anaonekana raia wa mfano. Akasema heshima ya siku ile ilimwaibisha kuliko hukumu ya mwanzo, na kwamba aliwasikitikia wao, kwa kuwa kwao kuwafurahisha waovu kulikuwa na sifa kuliko kulinda hazina.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara nakwama kwenye neno la kuwasikitikia. Alikuwa na haki ya kufoka.

Uhasama ukaendelea miaka, hadi Themistocles alipopata silaha kubwa zaidi: kura ya vigae.

#4 Mdau

Kura ya vigae ndiyo ipi tena hiyo? Na mtu anafukuzwaje nchini kama hana kosa?

#5 Mleta uzi

Swali zuri sana.

Kila mwaka watu wa Athens waliulizwa kwanza kama wanataka kura hiyo ifanyike. Wakikubali, siku hupangwa. Uwanja wa soko unazungushiwa uzio wenye milango 10, mlango mmoja kwa kila kabila la kiraia, na kila mpiga kura anaingia na kigae mkononi. Kigae kweli, kipande cha chungu au mtungi uliovunjika, maana karatasi hazikuwepo na vigae vilijaa kila jalala. Juu yake umekwaruza kwa ncha kali jina la mtu unayetaka aondoke. Kura zikifika 6,000, anayeongoza ana siku 10 za kufungasha, kisha anakaa nje miaka 10. Mali yake haiguswi wala uraia wake. Hakuna mashtaka, hakuna utetezi. Waliiweka ili mtu mmoja asije akawa mkubwa kuliko mji.

Sasa mwaka 482 KK au karibu yake, ikaitishwa. Aristides yuko kwenye msongamano uwanjani. Mtu wa shamba asiyejua kusoma wala kuandika anamsogelea bila kumjua, anamnyooshea kigae chake na kumwomba amwandikie jina la Aristides. Aristides anashangaa, anamuuliza huyo Aristides amemkosea nini. Yule bwana anajibu kwamba hajamkosea lolote, wala hamjui kwa sura. Amechoka tu kusikia kila mahali anaitwa Mwadilifu.

Aristides akanyamaza. Akaandika jina lake, akamrudishia kigae.

Siku ya kuondoka aliinua mikono juu akaomba kwamba Athens isije ikapatwa na siku itakayowalazimu kumkumbuka Aristides.

#6 Mdau

Kaka naomba nipingane nawe kidogo. Mnamsema huyu mkulima kama mjinga, mimi naona alikuwa na hoja. Plutarch huyohuyo anasema Themistocles alieneza maneno kwamba Aristides, kwa kusuluhisha kesi za watu faraghani, ameziua mahakama na kujifanya mfalme asiye na walinzi. Ni fitina, sawa. Lakini mtu akishakuwa mwadilifu kiasi kwamba kila mwenye shida anakwenda kwake badala ya mahakamani, si amekuwa taasisi peke yake? Mji uliokwisha kutawaliwa na madikteta, Pisistratus na wanawe, lazima ungeogopa hilo.

#7 Mleta uzi

Dada, umenigusa mahali. Nakubali hoja yako kwa sehemu kubwa. Kura ile haikuwa adhabu ya kosa, na Aristides mwenyewe hakuilalamikia. Mtu anayeamini sheria za mji wake anaziheshimu hata zinapomwangukia yeye, na kuandika jina lake kwenye kile kigae nakuona kuwa sehemu ya heshima hiyo.

Ila tusidhani vigae vyote vilitoka rohoni mwa wananchi. Katika miaka ya 1930 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kisimani, upande wa kaskazini wa kilima cha Acropolis, vigae 190 vilivyoandikwa jina la Themistocles. Walipochunguza mwandiko wakakuta ni wa mikono 14 tu. Maana yake watu wachache walikaa wakaandika vigae kwa wingi, tayari kuwagawia wapiga kura. Kwa hiyo yule mkulima wetu angalau alikuja na kigae chake na sababu yake.

Na Themistocles, kama mnavyoona, naye aliandikwa. Subirini.

#8 Mdau

Twende Salamis mkuu, usituzungushe.

#9 Mleta uzi

Haya, ndipo penyewe.

Mwaka 480 KK mfalme Xerxes wa Uajemi aliingia Ugiriki na jeshi ambalo Wagiriki walikuwa hawajawahi kuona mfano wake. Xerxes huyu ndiye ambaye wasomaji wengi wa Biblia humhusisha na Ahasuero wa kitabu cha Esta. Athens ikapitisha azimio la kuwaita nyumbani wote waliofukuzwa kwa vigae. Ile siku Aristides aliyoomba isifike ikawa imefika.

Mji ukahamwa. Wanawake na watoto wakavushwa kwenda Troezen, Aegina na kisiwani Salamis, na wanaume wakapanda meli za vita. Kuna picha moja ya siku hiyo isiyonitoka: mbwa waliachwa ufukweni wakibweka na kulia, wakikimbia sambamba na wenye mali zao waliokuwa wakipanda vyombo. Mbwa wa Xanthippus, baba yake Pericles, akajitupa majini, akaogelea ubavuni mwa meli ya bwana wake hadi Salamis, akapanda nchi kavu, akaanguka akafa. Xanthippus naye alikuwa mmoja wa waliofukuzwa kwa vigae.

Waajemi wakaichoma Athens. Moshi ulionekana kutoka Salamis. Meli za Wagiriki, zaidi ya 300, zilikuwa kwenye mlangobahari mwembamba kati ya kisiwa na bara, na majemadari wakigombana usiku kucha. Wasparta na Wakorintho walitaka kurudi nyuma wakalinde kwao. Themistocles alijua wakitawanyika wamekwisha, kwa kuwa katika bahari ya wazi Waajemi wangewazunguka, ila kwenye wembamba ule wingi wao ungewaponza. Mwenye amri kuu, Eurybiades Msparta, alipomwinulia fimbo, alimwambia apige lakini asikilize. Hawakusikiliza.

Basi akafanya jambo la hatari kubwa. Akamtuma kwa siri mtumwa wake Sicinnus, aliyekuwa mlezi wa watoto wake, aende kwa Waajemi na ujumbe kwamba Wagiriki wanataka kutoroka, wawazibie njia. Waajemi wakanasa. Usiku huohuo meli zao zikaziba njia za kutokea.

Hapo ndipo Aristides anafika. Ametoka Aegina, amepenya kati ya meli za adui gizani. Anakwenda moja kwa moja aliko Themistocles, anasimama nje ya kikao na kumwita. Hebu liangalieni jambo lenyewe. Nyumba zao zote mbili zinaungua ng'ambo ya maji. Yule aliyemfanyia fitina ndiye jemadari, na yeye ndiyo kwanza anarudi kutoka uhamishoni. Kwa mujibu wa Herodotus alimwambia hivi: sisi wawili tumekuwa tukishindana siku zote, na leo kuliko siku nyingine tushindane nani ataitendea nchi yetu mema zaidi. Kisha akampa habari kwamba wamezingirwa, hakuna tena pa kutorokea, amekuja kwa macho yake ameona.

Na Themistocles akamwambia ukweli wote. Akamwambia kuwa hilo ni kazi yake, ndiye aliyewaita Waajemi wazibe. Ni siri ambayo ingeweza kumuua, na anampa adui yake wa maisha kwa kuwa anajua haitatoka. Halafu akamwomba aingie yeye kikaoni akawaeleze majemadari, kwa sababu akisema Themistocles watadhani anatunga.

Hapo ndipo ninapoweka kitabu chini. Yule mtu mjanja kuliko wote Ugiriki alikuwa na akili ya kuwanasa Waajemi, lakini alikosa kitu kimoja tu usiku ule, kuaminika, na ikabidi akiazime kwa mtu aliyemfukuza. Na Aristides akamwazima. Akaingia, akasema, akatoka.

Hata yeye baadhi hawakumwamini kabisa, hadi meli ya watu wa kisiwa cha Tenos ilipowatoroka Waajemi na kuja kuthibitisha. Asubuhi wakapigana, na Waajemi wakashindwa vibaya katika ule wembamba. Aristides akachukua askari wa miguu, akavuka hadi kisiwa kidogo cha Psyttaleia, akakisafisha.

#10 Mdau

Mkuu uzi mtamu, ila mimi namtetea Themistocles. Uadilifu hauzamishi meli. Bila yeye kuwashawishi watu waache kugawana fedha za mgodi wa Laurion wajenge meli, usiku wa Salamis usingekuwepo. Tusimfanye mhuni tu.

#11 Mleta uzi

Hapo uko sahihi kabisa mzee wangu, na naomba nilisahihishe kama nimempunja. Mwaka 483 KK hivi mgodi wa Laurion ulitoa fedha nyingi ghafla, na wazo lililokuwapo ni kila raia apewe drakma 10, yaani sarafu za fedha za Athens. Themistocles akasimama akasema fedha hizo zijenge meli. Hakuwatishia kwa Waajemi, waliokuwa mbali. Aliwatajia Aegina, jirani waliokuwa na ugomvi naye na ambaye meli zake waliziona kila siku. Kuwashawishi watu maskini waache hela iliyoko mkononi kwa ajili ya hatari wasiyoiona ni kazi ngumu kuliko vita. Mwanahistoria Thucydides, ambaye hamsifu mtu ovyo, anamsifu kwa uwezo wa kuona mbele ambao hakufundishwa na mtu.

Tatizo lake ni kwamba akili ile haikuwa na breki. Baada ya vita aliwaambia raia ana mpango wenye faida kubwa kwa Athens, ila hauwezi kusemwa hadharani. Wakamwambia amweleze Aristides peke yake. Mpango ulikuwa kuzichoma meli za Wagiriki wenzao ili Athens ibaki bwana wa bahari. Aristides akarudi barazani akasema hakuna jambo lenye faida kuliko hilo, wala lenye dhuluma kuliko hilo. Wakalikataa bila hata kuuliza ni nini.

#12 Mdau

Na Roma je? Cato Mzee si ndiye Aristides wao? Naye hakula rushwa, aliishi kimaskini, alikemea kila mtu.

#13 Mleta uzi

Ndivyo Plutarch alivyowapanga, Aristides na Cato bega kwa bega. Mimi siwaoni sawa, na nitasema kwa nini.

Cato alizaliwa Tusculum mwaka 234 KK, akapanda kwa jasho lake. Mwaka 184 KK alipewa usimamizi wa orodha ya raia na maadili yao, akamfuta mtu mmoja kwenye Seneti kwa kosa la kumbusu mke wake mchana mbele ya binti yao. Alikuwa baba mwema kweli: alimfundisha mwanawe kusoma kwa mkono wake ingawa alikuwa na mtumwa mwalimu, na akamwandikia historia ya Roma kwa herufi kubwa ili mtoto aisome. Mambo hayo nampa sifa zote.

Lakini huyohuyo alifundisha kwamba mtumwa akizeeka au akiugua auzwe, pamoja na ng'ombe waliochoka na vyuma chakavu. Farasi aliyempanda vitani Hispania alimwacha kulekule, ili serikali isilipie nauli yake, na akajisifu kwa hilo. Plutarch, ambaye kwa kawaida ni mpole, hapa anamkatalia. Anakumbusha kisa cha Athens walipokuwa wakijenga hekalu la Parthenon. Nyumbu wa mizigo, wale mabaghala, waliofanya kazi sana waliachiwa wakale malisho. Mmoja wao akawa anarudi mwenyewe kila siku, anatembea mbele ya wenzake wanaovuta mawe kupanda kilima, kana kwamba anawatia moyo. Raia wakapiga kura alishwe kwa gharama ya umma hadi afe.

Cato alikuwa mkali kwa nafsi yake, kisha akaugeuza ukali huo uwe kipimo cha kila kiumbe. Aristides alikuwa maskini na hakumtaka mtu mwingine awe maskini. Yule binamu yake Callias aliposhtakiwa kwa kosa la kumtia kifo, washtaki waliwaambia mahakimu wamwangalie Aristides, ndugu wa tajiri huyu, anavyotetemeka kwa baridi katika vazi lililochakaa. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza na kumwacha Callias azame. Aristides akaja kutoa ushahidi kwamba Callias alimpa mara nyingi na yeye ndiye aliyekataa.

#14 Mdau

Mwisho wao ulikuwaje? Walipatana?

#15 Mleta uzi

Kupatana kwa maana ya urafiki, hapana.

Mwaka 478 KK miji ya Kigiriki iliyoungana dhidi ya Uajemi ilimwomba Aristides akadirie kila mji uchangie kiasi gani. Jumla ikawa talanta 460 kwa mwaka, na miji ikaridhika. Themistocles alimbeza, akasema sifa hizo ni za mfuko wa kutunzia hela. Yeye mwenyewe, inasemwa, aliingia siasa akiwa na mali ya talanta 3, na ilipotaifishwa ikakutwa inafika 80 au 100.

Karibu mwaka 471 KK vigae vikamwangukia Themistocles. Akiwa uhamishoni Argos akashtakiwa kwa kula njama na Waajemi, na Athens nzima ikamrukia. Cimon, Alcmaeon na wengine wengi wakasukuma kesi. Plutarch anasema Aristides peke yake hakufanya wala kusema baya lolote. Hakushangilia kuanguka kwake, kama ambavyo hakumwonea wivu alipokuwa juu.

Themistocles alikimbia hadi kwa mfalme Artaxerxes, mwana wa yuleyule Xerxes aliyemshinda. Mfalme akampa miji mitatu imlishe: Magnesia kwa mkate wake, Lampsacus kwa divai na Myus kwa kitoweo. Akafia huko. Ndugu zake walisema mifupa yake waliirudisha na kuizika kwa siri katika ardhi ya Attica, kwa sababu msaliti hakuruhusiwa kuzikwa nyumbani.

Aristides hakuacha hata hela ya mazishi. Athens ikamjengea kaburi Phaleron, na mabinti zake mji ukawaoza kwa gharama yake, kila mmoja na mahari ya drakma 3,000.